Kabla Mtoto Hajaingia

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti yangu siku hizi inaishia hapa hapa kwenye shuka na mimi sina nguvu ya kuiokota na kuituma tena. Mkubwa, acha kusimama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, vuta kigoda ukae. Wewe Wa Kati, hiyo dripu iache, inashuka vizuri. Kwa sasa usiwe mkunga, uwe binti yangu tu. Na wewe Kitinda, zima simu. Najua lori linasubiri mzigo, najua, lakini lori likikukosa litapata dereva mwingine. Mkwe wangu, mke wa Mkubwa, wewe kaa hapo hapo mlangoni kama unavyopenda, ila usiwe nje ya kizingiti, kwa sababu nitakayosema yanakuhusu utake usitake.

Chiriku yuko wapi? Bado yuko bombani na vyombo? Vizuri. Nimempa sufuria zote, hata zilizokuwa safi, nikamwambia azisugue na mchanga mpaka ajione uso wake, ili achelewe. Muda nilionao ni wa sufuria zile, sina mwingine, kwa hiyo mkinisikia nakimbiakimbia kwenye maneno mjue ndiyo sababu. Ninayotaka kuyasema lazima yaishe kabla mtoto hajaingia.

Naogopa, wanangu. Nalisema mapema ili msije mkadanganyana msibani kwamba mama alikwenda ametulia, uso umekunjuka, kama nilivyowasikia watu wakiwasingizia marehemu wengi. Naogopa tangu mvua zilipoanza. Nikisinzia kidogo moyo unaniruka, naamka mikono imekuwa ya baridi, naangalia kwanza pale kwenye godoro dogo kama Chiriku yupo, kisha ndipo naangalia kama mimi mwenyewe bado nipo. Kazi ya ustawi wa jamii nimeifanya maisha yangu yote, nimeingia nyumba ambazo polisi walibisha hodi wakarudi, nimekaa na wafiwa, na wagonjwa wa akili, na wanaume walioshika panga, na kote huko kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu wasiogope. Sasa zamu yangu imefika, na wa kuniambia hivyo simwoni. Hata angekuwepo nisingemwamini, kwa sababu kinachonitisha nimekwisha kukiona kwa macho yangu.

Lakini tuanze na mali, na msidhani naikimbilia kwa uroho. Pale nilikolelewa, na baadaye katika kazi yangu, mali ilikuwa na siku yake na mtoto alikuwa na siku yake, hazikuchanganywa hata kidogo. Mtoto akizungumzwa pamoja na nyumba, watu wanaitaka nyumba, na mtoto wanamchukua kama vile mtu anavyochukua ufunguo. Mimi siku mbili sina, nina mchana huu mmoja, basi nagawa kila kitu sasa hivi hadi vijiko, ili baadaye nikiuliza swali langu kusiwe na chochote cha kupata kwa anayejibu.

Nyumba hii ni ya Wa Kati, pamoja na vile vyumba vya wapangaji. Yule fundi viatu wa chumba cha mwisho asisumbuliwe, hata akichelewa, mke wake ni mgonjwa na anaona haya kusema. Kiwanja cha upande wa barabara ni cha Mkubwa na Kitinda, nusu kwa nusu, na ule ukuta mliougombania mkauacha umefika kiunoni kama suruali iliyokosa mkanda, umalizeni au ubomoeni, lakini nisije nikawasikia huko niliko bado mnapimana nao. Cherehani ni ya mpangaji wangu anayeshona sare za shule, nilishampa kwa mdomo na leo narudia mbele yenu. Baiskeli ya baba yenu achukue Kitinda. Usiniambie una lori, lori ni la tajiri. Vyombo na vitambaa Mkubwa na dada yako mtavigawana, na vile vikombe vyangu vya harusi visivyotumika, sijui nilikuwa nawawekea wageni gani, vitumieni mpaka vivunjike.

Na jirani wa mfereji, mwambieni nimemaliza. Tumenuniana kwa ajili ya maji machafu mpaka watu wakasahau nani alianza, na juzi alinitumia ndizi, nikazila. Mwambieni hasira zangu zimekwisha. Ila mfereji asiuguse.

Madeni yangu ni ya miguu. Kuna nyumba nilikoweka watoto, nikaahidi kupita nisipite, na usiku huwa nazihesabu kama mwingine anavyohesabu hela. Wa Kati, wewe miguu yako ni mizima na kazi yako inakupeleka majumbani, nakuachia. Ukifika usijitambulishe sana wala usikague chochote. Omba maji ya kunywa. Kisha kaa kimya usikilize yule mtoto anavyoitwa ayalete, na uangalie kama anajua kikombe kilipo bila kuuliza. Kama anaitwa kwa jina lake na anakwenda moja kwa moja kabatini, kunywa, shukuru, ondoka, hapo pana kwao. Kama anaitwa "we" na anasubiri aonyeshwe kikombe cha kushika, hapo rudi tena, na tena, wakuchoke. Hilo sikulisoma chuoni, nilifundishwa na shangazi yangu aliyenilea, na maafisa wenzangu walinicheka mpaka walipoanza na wao kurudi ofisini matumbo yamejaa maji.

Shangazi huyo ndiye aliyenifundisha jamvi. Wazazi wangu walipofariki watu wazima wa ukoo na wa mtaa walitandika jamvi wakakaa chini wote, tajiri na asiye na kitu, kwa sababu aliyekaa kwenye kiti anaweza kuondoka haraka kuliko aliyekunja miguu. Mimi nilipelekwa kwa majirani kucheza. Sikuulizwa nataka kwa nani. Nilipokuwa mtu mzima nikamuuliza shangazi kwa nini hawakuniuliza, akasema mtoto ukimuuliza hivyo umemshikisha kisu, ampende mmoja mbele ya wengine, na akikosea atajilaumu hadi uzeeni. Wakubwa ndio waliokabana koo humo ndani. Wapo waliosema hawawezi, wapo waliolia, baba mdogo mmoja aliapa kwamba mimi ni mtundu wa kupindukia, na alisema kweli. Nilikuja kuyajua hayo nikiwa na watoto wangu. Siku ile nilichokijua ni kwamba niliitwa, nikaingia, nikakuta nafasi ubavuni kwa shangazi, nikakaa.

Jamvi lina neno moja tu linalopokelewa, nalo ni "wangu". Tutaona halipokelewi. Nitaongea na mwenzangu halipokelewi, Mungu atafungua njia halipokelewi, maana wote tunajua Mungu atafungua lakini mtoto leo anataka pa kulala. Anasema mmoja, wangu, na akishasema hawamwachi peke yake na mzigo. Kila aliyekaa pale anataja atakachobeba, huyu nguo, yule shule, mwingine kumtembelea mtoto Jumapili na kumkemea, kwa sababu mtoto anahitaji pia mtu wa nje wa kumwogopa kidogo. Halafu ndipo anaitwa.

Sikuwaambia kamwe kwamba watu wa kale walikuwa malaika. Nimeona "wangu" iliyotamkwa kwa sauti nzuri na mtoto akageuzwa mtumishi, analala jikoni na kuamka kabla ya jogoo. Chuoni ndiko nilikofundishwa kufuatilia, kurudi, kuuliza shule, kumwona daktari, na kumtoa mtoto pale inapobidi hata kama ukoo wote unanilaani. Nilichukua huku na huku. Jamvi lilinipa mtu wa kusema, chuo kilinipa ubishi wa kurudi kuhakikisha kwamba alikuwa anasema kweli. Kwa mikono hiyo miwili nimefanya kazi, na watoto wa jamvi wamejaa mji huu, wengine wana mvi, wananisalimia sokoni na kunipunguzia bei.

Nipeni tone la maji. Sio wewe Wa Kati, Kitinda anipe, naye afanye kitu. Basi. Basi, yananitosha. Sufuria bado zinagonga huko nje? Bado. Haya.

Sasa niwaambie kilichonitisha. Mama yake Chiriku alikuwa anafagia maduka pale stendi, mtu mpole, hana baba wa mtoto wa kumtaja. Alipofariki, mimi nilikuwa nimeshastaafu. Yule afisa kijana aliyeshika nafasi yangu akaniita nikae kama mzee wa mtaa. Si mtu mbaya yule kijana, msimsingizie. Alikuwa na kazi nyingi na ofisi ndogo, na jamvi alilisikia kwangu nusu nusu, akajua kuna kukusanya ukoo, hakujua kuna mtoto kutokuwepo. Akaweka viti vya plastiki mviringo, na kiti kimoja katikati, na juu ya kiti hicho Chiriku, miguu haifiki sakafuni. Nilipoingia nikataka kusema mtoto atoke, na kabla sijakaa vizuri yule kijana akawa ameshauliza: nani atamchukua?

Pakanyamaza.

Wanangu, nimesikia vilio vya kila aina na hakuna hata kimoja kilichowahi kuniingia kama kimya kile. Mjomba mmoja simu yake iliita, akanyanyuka kama mtu aliyeokolewa, akasema naomba radhi napokea, akatoka. Mpaka leo anapokea. Mama mdogo akatazama dari. Kuna aliyekuwa anachezea vifungo vya shati lake, kufungua na kufunga. Na yule mtoto akawa anawatazama usoni mmoja mmoja, akianzia kushoto, bila haraka, kama anavyofanya mtoto mwenye adabu akisalimia wakubwa, na alipowamaliza wote akatazama miguu yake. Nikasema wangu. Nilisema kwa pumzi ya kizee iliyobaki, na yule kijana akaniambia kwa upole, lakini mama, umri wako. Nilijua umri wangu. Nilijua kabisa kwamba simpi nyumba, nampa muda tu. Lakini ningefanyaje, ningenyamaza na mimi?

Kitinda ndiye aliyembatiza Chiriku, kwa utani, kwa sababu alikuwa hasemi, na nakushukuru kwa hilo, lilikuwa jina la kwanza lililomfanya acheke. Sasa anasema kidogo. Lakini mmeiona ile mifuko yake nyuma ya mlango? Nguo zake haziweki kabatini. Nilimtolea droo nzima, nikampa kufuli na funguo, akasema asante bibi, na kesho yake nikakuta nguo zimerudi mfukoni zimekunjwa vizuri, viatu juu. Tukila, anasubiri kila mtu apakue, hata awe na njaa ya kuzimia. Akivunja glasi hakimbii wala halii. Anachukua mfuko wake na kukaa nao barazani, anangoja. Hiyo ndiyo kazi ya kimya kile, na imefanyika kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai.

Nikifa, yule afisa kijana atakuja na gari. Itambidi. Atamkuta mtoto hana mtu mzima anayemsimamia, atampeleka kituoni, na siwezi kumlaumu. Kituo nacho sikisemi vibaya, nilianzia kazi pale nikiwa msichana, kuna watu wanaojitoa. Lakini nasikia hadi leo jinsi mgeni yeyote akiingia langoni, hata awe mleta mkaa, wale wadogo wanavyomkimbilia na kumwita mama. Mimi naogopa Chiriku atakuwa mmoja wao. Hapana, nisiseme uongo. Naogopa zaidi kwamba hatakuwa mmoja wao, kwamba hatamkimbilia mtu tena, atakaa na mfuko wake akiwa amejua. Na naogopa kwamba mtakaa hapa baada ya maziko, kwa heshima zote, chai mkononi, na afisa atauliza, na ninyi niliowazaa mtatazama dari. Hilo ndilo linaloniamsha. Nimewasemea watoto wa watu wote hao, halafu huyu wa mwisho aje akose mtu kwangu.

Sasa nauliza, wakati masikio yangu bado yanafanya kazi. Mali imekwisha, mmesikia, hakuna kilichobaki cha kuambatana naye, ni yeye na mifuko yake. Huyu mtoto ni wa nani?

...

Semeni.

Mkubwa, unasema tutaona. Nimekulea, nimekusomesha, umekaa chini ya maneno yangu sasa hivi, na unaniletea tutaona? Najua ungependa. Wewe moyo wako ni laini tangu zamani, ulikuwa unalia kuku wakichinjwa. Lakini nyumbani kwako kuna mlango, na nitalisema hili mbele ya mwenye mlango kwa sababu sina muda wa kuzunguka. Mkwe wangu, ulipoolewa nilikuwa nawaletea watoto wa kupita, wale waliokuwa wanangoja ndugu zao wapatikane, leo mmoja, wiki ijayo wengine, kwa siku mbili tatu ambazo nakubali zilikuwa zinarefuka. Halafu siku moja ukafunga mlango, ukaniambia majirani wakisikia kwamba wewe uliolewa na mume, hukuolewa na ofisi ya ustawi. Watu walicheka sana. Hata mimi ningecheka kama si mimi niliyeambiwa. Tangu hapo tumekuwa tunasalimiana kupitia kwa Mkubwa kama nchi mbili zenye balozi mmoja. Sikulaumu tena. Ila Mkubwa akisema "wangu" na mlango ule ukiwa vile vile, mtoto atakuwa anakaa barazani na mfuko wake kila siku, na hilo nalo naliogopa, ndiyo maana sikubani.

Wa Kati, unalia. Zamu za usiku, unaishi peke yako, nani atakaa naye. Ni kweli. Kila unachosema ni kweli. Hata wale kwenye viti vya plastiki walikuwa na sababu za kweli, hakuna aliyekuwa mwongo pale isipokuwa mwenye simu.

Na wewe Kitinda, usinipige utani. Nimekusikia. Mtoto hawezi kulelewa ndani ya lori.

Nani huyo anaondoka? Mkwe? Mwacheni. Usimwite, Mkubwa, usimkimbilie, mwache aende, nimemgusa pabaya na sina pumzi ya kumrudisha. Basi. Mmeona? Ndivyo inavyokuwa. Mmoja anapata sababu ya kutoka, waliobaki wanatazama... Kitinda, unatazama nini huko juu? Unatazama dari. Mwanangu, unatazama dari.

Nishikeni mkono. Naogopa jamani. Kuna baridi inapanda kwenye magoti, na huko nje sufuria zimenyamaza, mnasikia, hazigongi tena, amemaliza. Anakuja. Mungu wangu, anakuja na hakuna aliyesema. Mzuieni. Mpelekeni dukani, mwambieni chumvi imekwisha...

Umerudi? Nani, mkwe? Ulikuwa wapi? Umempelekea vikombe. Vikombe gani? Vya harusi? Umetoa vikombe vyangu vya kabatini ukampelekea aoshe ili asiingie.

Haya. Haya, mkwe wangu, umefanya vizuri. Njoo hapa basi, ondoka huko mlangoni, njoo karibu nikuone kama unanikasirikia. Sema kwa nguvu, masikio yanajaa maji. Unasema yule mdogo mwenye mguu ulioungua? Namkumbuka. Alikaa kwenu mvua nzima, mpaka bibi yake alipopatikana, nikaja kumchukua. Ulikuwa umemshika kwenye mapaja, nikadhani unamvalisha shati.

Alikuwa anakuita mama.

Sikujua. Hukuniambia, na mimi sikuuliza, nilikuwa na haraka, gari linangoja. Na baada yake nikakuletea mwingine wiki ile ile. Basi ndiyo sababu ulifunga mlango. Mimi ninayejisifu kwamba naijua nyumba kwa kikombe cha maji, ya mwanangu mwenyewe niliisoma kichwa chini miaka yote hii. Mkubwa, na wewe ulijua ukanyamaza? Ulikatazwa. Haya, hayo mtayamaliza wenyewe, mimi sina nafasi nayo tena.

Nisikilize, mkwe. Huyu si wa kupita. Hana bibi atakayepatikana, nimemtafutia ukoo wake mpaka nikachoka, wote walikuwa kwenye vile viti. Hakuna atakayekuja na gari kumchukua mapajani kwako, na afisa akija mwambieni mbele ya mashahidi hawa kwamba mtoto ana kwao, naye atafurahi, atapunguza kazi moja. Unasema nikupe. Nikupe silo neno la jamvini. Najua unajua, ulikuwa unasikiliza kwa makini kuliko hawa niliowazaa. Sema lenyewe.

Rudia. Rudia tena, Mkubwa naye aseme, nisikie sauti mbili.

Aaah. Asante. Asanteni, wanangu. Msinipanguse macho, yaacheni.

Haraka sasa, mizigo, msimwachie peke yake. Wa Kati, hospitali na dawa na yale mambo ya kike atakapokua, sawa, na Jumapili ni zako. Kitinda, shule? Shule ni nyingi, umefikiri? Basi nimekushika kwa neno lako, na sare utamnunulia kubwa kidogo, anarefuka. Msimtolee nguo zake mfukoni. Mmesikia? Hata ikichukua mwaka, yeye mwenyewe atazitoa, siku atakayotaka. Wekeni kabati wazi tu. Akivunja kitu mkemeeni kama mnavyokemea wenu, kwa kelele za kawaida, asiogopeshwe na upole. Msimhurumie mbele ya wageni. Na msimwambie kwamba leo mlijadiliana. Akija kuuliza akiwa mkubwa, mwambieni, lakini leo asijue.

Mkinizika msikawie. Nguo yangu nyeupe iko juu ya kabati. Anayetaka kulia alie, asiyetaka aachwe. Mkwe wangu, lete mkono... mkono mwingine, huo una sabuni. Mungu akupe utulivu ndani ya nyumba yako, na watoto wakuzidi umri, na asiwepo mtu wa kuja kukuchukulia kitu mapajani tena. Mkubwa, Mungu akukaze mgongo. Binti yangu, umenisaidia hadi mwisho, Mungu akupe usingizi. Kitinda... Mungu akulinde barabarani, uendeshe taratibu, unasikia, taratibu...

Bado naogopa. Nilidhani itaondoka. Imepungua, imekaa hapa tu, chini ya koo... ni yangu mwenyewe hii sasa, si ya mtoto. Hii naiweza.

Nini hicho? Vikombe vinagongana. Ni yeye, anavibeba vyote kwa mara moja, atavivunja... viache vivunjike. Anavua ndala. Mkwe, kaa chini, hapo, uache nafasi upande huu. Mbona... mbona mmenyamaza? Msinyamaze! Wanangu, msinyamaze, asiingie kwenye kimya, ameshaingia kwenye kimya mara moja. Ongeeni. Lolote. Kitinda, ule uongo wako wa simba aliyelala kwenye lami, usimulie... Wa Kati, mcheke... Mkubwa, bishana naye kama kawaida yenu... sauti zenu, nipeni sauti zenu... mimi yangu imekwisha, semeni ninyi, wanangu, ongeeni wote... mtoto anaingia.